Bibi ana miaka 60 na zaidi, bado LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) inamkata kodi ya jengo? Wana Dodoma tuelezane hapa

Mjukuu wa Kizota (mleta uzi)

Wakuu shikamooni, wadogo habari zenu. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma aruke ashuke chini wataalamu watakapofika.

Mwezi wa 3 mwaka 2024 nilipita kwa bibi Chang'ombe, saa mbili kasoro usiku, nikakuta ndani giza na yeye kakaa kizingitini na kitochi chake cha simu. Nikauliza kama umeme umekatika mtaa mzima. Akanijibu, "Haujakatika baba, umeisha. Mwanzo wa mwezi ile mashine inakula kwanza yenyewe." Nikacheka, nikatoa simu, nikamnunulia wa 2,000 kama anavyonunua siku zote. Uniti zilizokuja: 4.1.

Nilidhani nimekosea namba ya mita. Nikafungua ujumbe, nikausoma mstari kwa mstari, jambo ambalo nakiri sijawahi kulifanya hata kwa umeme wa kwangu. 1,500 ilikuwa imekwenda kwenye kodi ya jengo. Iliyobaki kununulia umeme ni 500. Bibi yuko kwenye tarifu (daraja la bei) ya watumiaji wadogo, uniti moja 122, kwa hiyo 500 inakupa hizo nne na nukta. Isingekatwa, angepata 16.4. Nyumba yenyewe ina taa tatu, redio na televisheni ndogo ya wajukuu. Tofauti hiyo ni karibu wiki tatu za mwanga.

Kwa wasiokumbuka: kodi ya majengo iliingizwa kwenye LUKU tarehe 20 Agosti 2021. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Kwa mwaka nyumba ya chini inalipa 18,000. Hapo wengi tunapajua. Tusichokijua ni kwamba sheria yenyewe ya kodi ya majengo imewatoa watu fulani: mzee wa miaka 60 au zaidi kwa nyumba yake ya kuishi anayokaa mwenyewe, mtu mwenye ulemavu asiye na kipato kwa nyumba yake ya kuishi, na nyumba za udongo na za nyasi zinazokaliwa na watu. Bibi yangu kazaliwa 1951. Alifikisha 60 mwaka 2011, miaka kumi kabla LUKU haijaanza kumkata.

Nikachukua karatasi ya sukari nikapiga hesabu. Agosti 2021 hadi Juni 2023 ni miezi 23, kila mwezi 1,000, hiyo 23,000. Julai 2023 hadi Machi 2024 ni miezi 9 ya 1,500, hiyo 13,500. Jumla 36,500. Kwa bei yake ni karibu uniti 300. Na yeye miaka yote hiyo alikuwa anajua mashine ina njaa tu.

Mita haina macho wakuu. Haioni mvi. Ili ikuache lazima mtu aende akaiambie, na mtu mwenyewe anayetakiwa kwenda ni bibi wa miaka 73 ambaye magoti yanamuuma na ujumbe wa simu anasomewa na mtoto wa darasa la nne. Huu msamaha wa kuombwa, kwa maoni yangu, ni nusu msamaha.

Basi nikaamua kwenda mimi. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Kilichonitoa jasho ni majina. Karatasi za kiwanja ni za enzi za CDA (mamlaka ya kuendeleza makao makuu, iliyovunjwa 2017), zina jina la babu la ubatizo. Mita iko kwa jina la babu la nyumbani, lile la Kigogo, na hata hilo limekosewa herufi moja. Babu alishafariki. Kitambulisho cha NIDA cha bibi kina jina la baba yake mzazi. Nyumba moja, watu watatu kwenye makaratasi, aliye hai mmoja.

Safari ya kwanza nilikwenda ofisi ya kodi na kitambulisho na namba ya mita peke yake, nikaambiwa nilete barua ya serikali ya mtaa. Haki yao, kosa langu, sikuuliza kwanza. Kwa mwenyekiti wa mtaa nikakuta yuko msibani Mpwapwa. Nikarudi Jumatatu, barua ikaandikwa vizuri kabisa, mhuri ukapigwa, nikaondoka kifua mbele. Nafika dirishani, barua haina namba ya mita! Inasema bibi ni mzee, ni mjane, ni mkazi mwema, lakini haisemi ni mita ipi inayotakiwa iache kukata. Nikarudi tena mtaani. Mwenyekiti akaniangalia, akasema, "Kijana, wewe si ndiye uliyeisoma kabla sijapiga mhuri?" Sikuwa na jibu.

Barua iliyopita mwishowe ilisema haya: bibi anaishi kwenye nyumba hiyo, ni mjane wa mwenye nyumba, majina yale mawili ya babu ni ya mtu mmoja, amezaliwa mwaka fulani, nyumba ni ya kuishi haina frem wala biashara, na namba ya mita ni hii. Tukaambatanisha nakala ya NIDA na cheti cha kifo cha babu. Aprili alikatwa tena. Mei, tarehe 1 asubuhi, nikanunua wa 2,000. Uniti 16.4.

Baada ya hapo habari ikasambaa kanisani, unajua wamama wa kanisani. Jumapili moja baada ya ibada ya pili tukaweka meza chini ya mwarobaini, mimi na vijana wenzangu wawili, tukawaambia wazee waje na risiti ya umeme na kitambulisho. Walikuja 14. Tisa walikuwa na sifa na wanakatwa. Wanne nyumba ni za watoto wao, hapo hamna msamaha. Mmoja ana miaka 58, akatuambia tumwandike tu, miaka miwili ni kesho kutwa, atafika.

Nimefungua uzi huu ili tupeane uzoefu. Mita gani, mtaa gani, mlikwama wapi. Karibuni.

Mlenda Mkavu

Nimekaa paleee. Mzee wangu Nkuhungu ana miaka 67, kila siku analalamika LUKU nikawa namwambia mzee punguza kuchemsha maji. Kumbe! Nisamehe mzee popote ulipo (yupo sebuleni).

Swali mkuu: anaishi nyumba ya mbele, uani ana vyumba viwili kapangisha. Hapo vipi?

Kijana wa Jamatini

1,500 kwa mwezi ndiyo mnaandikia uzi wa kurasa zote hizi? Hiyo si hata chipsi kavu. Kodi ndiyo inajenga nchi, tusifundishane kukwepa.

Mjukuu wa Kizota

Kijana wa Jamatini, kukwepa ni kutolipa unachodaiwa. Huyu hadaiwi. Bunge ndilo lililosema asilipe, mimi nimebeba bahasha tu.

Na kuhusu chipsi kavu: wewe ukinunua umeme wa 20,000, 1,500 huioni. Anayenunua wa 2,000 imemega robo tatu. Hapo ndipo kodi ile ile inapokuwa nyepesi kwako na nzito kwake.

Mlenda Mkavu, barua yenu iseme ukweli kwamba kuna wapangaji. Msamaha unamlenga mzee na nyumba yake ya kuishi, vyumba vya kupangisha vinaleta maswali na ni bora muulizwe mkiwa mmeshasema kuliko mkutwe. Nendeni mkaeleze. Msifiche.

Fundi Mita

Naomba nichangie maana watu wanachanganya mambo mawili. Kuna kodi ya jengo na kuna tarifu. Mteja analalamika "nimekatwa sana", ukisoma ujumbe wake unakuta kodi imekatwa 1,500 tu, kilichommaliza ni kwamba ametolewa tarifu ndogo.

Tarifu ndogo ni ya anayetumia wastani wa uniti 75 kwenda chini kwa mwezi. Uniti ni 100, weka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3, EWURA (msimamizi wa nishati) 1, ndiyo inakuja 122. Ukizoea kuvuka 75 unahamishiwa ya kawaida, 292, na makato yale yale inakuwa 356. Elfu kumi ya 122 inakupa uniti karibu 82. Elfu kumi ya 356 inakupa 28. Hapo msamaha wa kodi ya jengo hata ukipewa hutauona, umefunikwa.

Nimeshakuta nyumba ya bibi kizee, mjukuu kaja likizo na jiko la umeme la kuchemshia maji ya kuoga. Miezi michache tu bibi yuko 356. Kwa hiyo kabla hujakimbilia kuomba msamaha gawanya: hela iliyobaki baada ya kodi, gawa kwa uniti ulizopata. Ikija 122 uko salama. Ikija 356, una kazi mbili, na ya pili huifanyii kwa watu wa kodi, unaenda TANESCO (shirika la umeme), na kwanza upunguze matumizi.

Mlenda Mkavu

Fundi Mita umenivua nguo. Nimegawa sasa hivi. 356. Yale maji ya kuchemsha nilikuwa sahihi basi 😂 lakini na kodi nayo anakatwa. Yote mawili.

Tembe la Bahi

Mbukwenyi wana wa kwetu.

Mleta uzi umeigusa nyumba ya udongo ukapita haraka kama gari la kiongozi. Hilo ndilo kubwa kwetu. Tembe lenyewe la asili, kuta za fito na tope, juu udongo, siku hizi unalikuta lina taa. Umeme wa REA umefika, kuunganishwa ni 27,000, na wengine wamefungiwa kile kiboksi cha UMETA ili wasihitaji kutandaza nyaya kwenye ukuta wa tope. Mita ni LUKU kama ya mtu wa Area D mjini, haijui imepigiliwa kwenye tofali la saruji au kwenye nguzo ya mpingo. Kama inakata, inakata.

Mimi shemeji yangu ana tembe hasa, si mfano wa tembe. Hana 60, ana 44. Tulipeleka barua ya mtendaji na picha tatu za nyumba tulizosafisha stendi, moja kaingia mbuzi. Hawakubisha. Picha ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Mgogoro uko kwa wale wa katikati: ukuta wa tofali mbichi, nje kapiga lipu nyembamba ya saruji, juu bati. Mtendaji mmoja anaandika nyumba ya udongo, mwingine anasema hiyo ni nyumba ya kisasa. Ukweli ukuta ukiugonga unajua wenyewe ni nini. Ila dirishani haugongwi, unaonekana kwenye picha umepakwa rangi ya bluu.

Mjukuu wa Kizota

Tembe la Bahi, mbukwenyi mkuu. Kweli nilipita haraka, mjini kati hatukukutana nazo nyingi. Hiyo ya picha naichukua, tutaanza kupiga. Na ukuta wa lipu, piga picha pale lipu ilipobanduka.

Tembe la Bahi

Pale mvua za Januari zilipolamba. Kila nyumba inapo hapo pahali 😂

Mama Nzuguni

Samahanini wanangu naomba kuuliza. Mimi ni mpangaji, nyumba ina vyumba vinne na mita tatu. Wote watatu tunakatwa 1,500. Ni sawa?

Fundi Mita

Si sawa mama. Nyumba ni moja, kodi ni moja, 18,000 kwa mwaka. Nyie mnalipa 54,000 nyumba ya chini. Mwenye nyumba akatoe taarifa mita hizo tatu ni za jengo moja, ibaki moja inayokatwa.

Na hata hiyo moja si yenu. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mpangaji akikatwa anatunza ujumbe na anapunguza kwenye kodi ya chumba. Sema naye kwa upole lakini umwonyeshe.

Mama Nzuguni

Asante mwanangu. Nitamwonyesha lakini namjua, atasema nihame.

Zabibu Kavu

Mama Nzuguni usimwendee peke yako, nendeni wapangaji wote watatu siku ya kukusanya kodi, na mwelezeni kwamba yeye hatoki na hela, anatakiwa kusaini tu. Mwenye nyumba wangu wa Ipagala alikuwa mkali mpaka alipogundua na yeye nyumba anayoishi ina mita mbili.

Pia jamani TAHADHARI. Kuna vijana wanapita mitaani na vitambulisho vya shingoni wanawaambia wazee "tunatoa kodi kwenye mita, 15,000". Mama yangu mkubwa alitoa. Kijana akabonyezabonyeza mita, akamwambia subiri saa 24. Anasubiri mpaka leo. Kuomba msamaha huu hakuna malipo, na haufanywi kwenye mita nyumbani kwako. Mtu akigusa mita huyo ni kishoka.

Kijana wa Jamatini

Hapo kwa vishoka nawaunga mkono. Nyingine bado nasimama pale pale.

Mlinzi wa Zamu

Wakuu mimi swali langu liko pembeni kidogo. Nalinda usiku, mshahara kwenye karatasi ni 300,000. Nakatwa NSSF (akiba ya uzeeni) 30,000 na PAYE (kodi ya mshahara) 2,400. Mwenzangu kampuni nyingine mshahara ule ule hakatwi PAYE. Nani anaibiwa?

Daftari la Mauzo

Mlinzi, hili tamu, ngoja nilijibu mimi, nimefanya mishahara miaka sita.

Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi hautozwi kodi. Unaozidi hapo hadi 520,000 unatozwa asilimia 8 ya kile kilichozidi 270,000 (ilikuwa 9, ikashushwa 2021). Sasa wako wamechukua 300,000, wakatoa 270,000, wakapata 30,000, asilimia 8 ni 2,400. Inaonekana hesabu safi. Lakini mchango wako wa NSSF unatolewa KABLA ya kodi. 300,000 toa 30,000 unabaki na 270,000 kamili. Kodi yako ni sifuri.

Mwenzako ndiye aliye sahihi. Nenda kwa mhasibu wako bila ugomvi, mwambie aangalie kama mfumo unatoa NSSF kwanza. Mara nyingi mtu aliweka fomula siku ya kwanza na hajairudia tena. 2,400 mara 12 ni 28,800 kwa mwaka, na ninyi walinzi hapo mko wangapi?

Mlinzi wa Zamu

Tuko 22 kwenye lindo hili pekee. Natetemeka mkuu.

Daftari la Mauzo

Usitetemeke, tunza hati zote za mshahara. Na maadamu niko hapa: wenye genge na mama lishe, tofauti ya kuandika na kutoandika ni hela. Kwa jedwali la 2022/23, mauzo ya mwaka hadi milioni 4 hayana kodi ya mapato. Hapo ndipo vile vitambulisho vya wajasiriamali vya 20,000 vya Desemba 2018 vilipokuwa vimelenga. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Umeuza milioni tano na nusu? Unalipa 45,000. Daftari la 1,500 limekuokolea 55,000.

Ila msidanganyane, ni MAUZO, si faida. Milioni 4 kwa mwaka ni kama 11,000 kwa siku. Mama lishe wa Sabasaba anayeuza sahani thelathini hayupo huko hata kama jioni anabaki na elfu nane.

Mbeba Boksi

Nasoma nikiwa Ohio, mzaliwa wa Makole. Mnanikumbusha jambo. Huku Marekani kuna nafuu ya kodi inaitwa EITC, ipo tangu 1975, mfanyakazi wa kipato cha chini anaweza kurudishiwa hata zaidi ya kodi aliyokatwa. Hela ya maana, watu wanalipia gari. Lakini usipojaza fomu hupati, na mamlaka yao ya kodi yenyewe inasema karibu mmoja kati ya kila watano wenye sifa haichukui. Kwa hiyo ugonjwa wa bibi wa Chang'ombe upo hata huku, pamoja na kompyuta zao zote.

Dawa waliyojaribu ni kama meza yenu ya mwarobaini. Msimu wa kodi unakuta watu wa kujitolea kwenye maktaba, makanisa, vyuo, wanajaza fomu bure. Mimi mwaka wangu wa pili nilijaziwa na mzee mmoja mstaafu, mikono inatetemeka, lakini hakosei. Alipomaliza hakuituma. Akamwita mama mwingine meza ya pili, asome yote upya mbele yangu. Nikadhani wana wasiwasi na Mwafrika. Kumbe ni kanuni yao, kila fomu inapitiwa na mtu wa pili ambaye hakuijaza.

Mjukuu wa Kizota

Mbeba Boksi ningekujua Machi, mwenyekiti wa mtaa asingenichamba. Hilo la msomaji wa pili tunaanza nalo. Kati yetu watatu mmoja haandiki kabisa, kazi yake kusoma barua ya mwenzake na kutafuta kilichokosekana.

Mlenda Mkavu

Wa Ohio rudi nyumbani, zabibu zimeiva.

Gurudumu Tatu

Naomba niseme kwa upande wetu wenye ulemavu, maana kila uzi tunatajwa mstari mmoja. Mzee akienda na NIDA, tarehe ya kuzaliwa inamsemea. Mimi baiskeli yangu inasema nina ulemavu, lakini sheria inataka na "asiye na kipato", sasa kutokuwa na kipato unakionyesha kwa karatasi gani? Niliulizwa, "Umeme unanunua kwa hela gani basi?" Aliyeniuliza alikuwa wa mtaani kwetu tu, nikamjibu dada yangu ananitumia. Akaniambia basi una kipato.

Nilichofanya: niliacha kubishana, nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata. Yule ndiye aliyekuwa na lugha. Aliandika hali yangu, nani ananitunza, na kwamba sina ajira wala biashara. Barua yake juu, ya mtaa chini. Ikapita.

Mnaokaa na meza, wekeni sehemu baiskeli inafika. Chini ya mwarobaini mara nyingi kuna mchanga.

Mjukuu wa Kizota

Gurudumu Tatu, nimepokea, na la mchanga ni kweli kabisa. Tutahamia baraza la ukumbi, lina njia ya mteremko.

Nilete mrejesho wa wale tisa. Sita wameshatoka, hawakatwi. Wawili wamekwama kwenye majina, mmoja mita ina jina la fundi aliyepeleka maombi ya umeme miaka hiyo, na fundi mwenyewe tunaambiwa alihamia Singida. Huyo inabidi kwanza jina la mita libadilishwe TANESCO, ndipo msamaha uombwe. Wa tisa ni babu mmoja wa Kikuyu, hapa hapa mjini, aliyegoma. Kasema serikali ikimsamehe kodi kesho itasema nyumba si yake. Tulimweleza, mwenyekiti akamweleza, mchungaji akamweleza. Kasema yeye aliona vya 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, hasaini kitu. Risiti zake zote za kodi kazipanga kwenye bati la biskuti, kila moja, na ndizo anazoziita hati ya nyumba. Nimemwacha. Sina uhakika kama amekosea sana.

Zabibu Kavu

Huyo babu muacheni na bati lake. Vipi zile 36,500 za bibi?

Mjukuu wa Kizota

Ni 38,000, ukiweka na ya Aprili. Sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inaruhusu kuomba kurudishiwa kodi uliyolipa kimakosa, kwa hiyo nimeandika barua na kuambatanisha orodha ya manunuzi mwezi kwa mwezi. Safari hii Zabibu Kavu unajua nani kaisoma kabla ya kwenda? Mwenyekiti wa mtaa. Kakuta nimeandika mwaka 2012 badala ya 2021.

Mlinzi wa Zamu

Mrejesho: mhasibu kafungua kompyuta mbele yangu, kanyamaza, kasema "njoo Ijumaa". Nitaleta majibu.

Kijana wa Jamatini

Mleta uzi, nimepiga simu kwa mama Kondoa. Ana 63. Anakatwa. Mnakaa wapi tena hiyo meza?

Mjukuu wa Kizota

Kijana, karibu sana, na chipsi kavu ni juu yako 😂 Ila mita ya Kondoa anzieni na barua ya mtaa wake huko huko, usimbebe mama mpaka Dodoma mjini.

Kwa wa mjini, Jumamosi saa tatu asubuhi tuko Kizota. Mje na ujumbe wa umeme wa tarehe za mwanzo wa mwezi, si wa katikati, maana makato yanaonekana manunuzi ya kwanza. Kitambulisho, cheti cha kifo kama mita ni ya marehemu, na picha ya nyumba. Mwenye stepla aje nayo, yetu imekufa.

Bibi nilimwambia kwamba amesamehewa. Kauliza, "Nilikosa nini?"